Chupa ya pili: Daudi, Namalwa na ridhaa isiyoandikwa

Fungua katalogi ya benki yoyote kubwa ya seli, iwe ya Marekani, Uingereza au Ujerumani, utamkuta Daudi, ukoo wa seli uliotokana na uvimbe wa mgonjwa mmoja na unaoendelea kukua maabara. Katika benki ya ATCC ya Marekani namba yake ni CCL-213. Maelezo yake ni mafupi: mwanamume, mweusi, miaka 16, uvimbe wa Burkitt (aina ya saratani) kwenye tundu la jicho la kushoto, seli zilikuzwa 1967 na Eva na George Klein. Yanayofuata ni mambo ya jikoni: seli zinalishwa nini, zinakaa kwenye joto gani, zinagandishwaje. Ukilipa dola mia kadhaa unatumiwa kichupa kimoja cha mililita moja ndani ya barafu kavu. Majirani zake kwenye orodha hiyo ni Raji, aliyetoka Ibadan, Nigeria, na Namalwa, mtoto wa kike. Wabukusu wa magharibi mwa Kenya wanalijua vizuri jina hilo: hupewa binti aliyezaliwa msimu wa malwa, pombe ya kienyeji.

Mwanasayansi wa Osaka au Boston anaweza kufanya kazi na Daudi miaka kumi akidhani ni namba tu iliyoandikwa kwa herufi. Mtu wa Nairobi au Tanga hawezi.

Kisa cha Henrietta Lacks kimeandikwa hadi kikachakaa, tukipite haraka. Mama wa watoto watano, Baltimore. Mwaka 1951, akiwa amelazwa hospitali ya Johns Hopkins kutibiwa kwa radiamu saratani ya mlango wa kizazi, alikatwa vipande viwili bila kuambiwa, vikapelekwa maabara ya George Gey. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zake, HeLa, zinagawanyika mpaka leo. Familia ilikuja kuelewa zaidi ya miaka 20 baadaye, watafiti walipowafuata kuomba damu yao. Mwaka 2021 wasimamizi wa mirathi yake waliishtaki kampuni ya Thermo Fisher, na Agosti 2023 pande mbili zikapatana kwa masharti ya siri. Lacks ana kitabu, ana mfuko, ana wajukuu wanaokaa mezani na serikali. Daudi na Namalwa hawana mirathi mahakamani wala wakili. Hata jina la pili hawana.

Twende Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Tarehe 22 Machi 1961 alitoa mhadhara London, na ukumbini alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda wa miaka miwili hivi hadubini ya elektroni haikuonyesha kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikaenda kutua Manchester. Kipande kilipofika maabara, majimaji yake yalikuwa yamefanya wingu. Wengi wangeyamwaga wakidhani ni bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli moja moja, hai, zikielea. Msukosuko wa safari ulizikung'uta kutoka kwenye kipande. Hapo ndipo ulipotoka ukoo wa seli wa EB1, na Februari 1964 virusi vikaonekana ndani yake. Leo vinaitwa Epstein-Barr. Herufi E na B za ukoo ule nazo ni za Epstein na msaidizi wake Yvonne Barr. Mtoto aliyekatwa uvimbe hakuachiwa hata herufi moja.

Njia ya Nairobi ilikwenda Stockholm. Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alikuwa akiwatibu watoto wa Burkitt kwa dawa za kuua seli za saratani, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa bado changa. Alikuwa pia akituma vipande vya uvimbe kwa akina Klein katika taasisi ya Karolinska. Ni kwa njia hiyo Daudi alifika Ulaya. Clifford hakuwa mwizi wa usiku. Alikuwa daktari aliyewatibu watoto walewale aliochukua vipande vyao, na baadhi yao walipona. Jambo hilo linafanya kesi kuwa ngumu zaidi, maana hakuna shetani wa kumrushia mawe.

Mjadala huu huwa unapotea mahali pamoja, nako ni kwenye neno "mabaki". Hoja inayorudiwa ni hii: uvimbe ulikatwa kwa ajili ya matibabu, kilichobaki kingetupwa, maabara ikakiokota. Nani amedhurika? Inasikika vizuri mpaka uangalie chupa.

Kipande cha uchunguzi wa ugonjwa huwekwa kwenye fomalini. Fomalini hugandisha umbo la seli ili mtaalamu wa patholojia aweze kukata tabaka nyembamba, kupaka rangi na kusoma. Inafanya hivyo kwa kuziua. Seli iliyoingia fomalini hairudi tena kukua, na hata ukiiosha mara mia, ni maiti. Ukitaka kukuza seli lazima uwe na chupa ya pili, iliyotayarishwa kabla ya mgonjwa kulala mezani: majimaji safi ya kulishia seli, yenye antibiotiki, kwa kawaida penisilini na streptomisini, yasiyogandishwa. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatumbukizwa humo papo hapo na kuanza safari siku hiyohiyo, kwa sababu kila saa inayopita seli zinakufa. Kwa ndege ya kwenda London au Stockholm ilibidi mtu ajue ratiba, aandae chombo, apige simu. Mabaki hayapangiwi tiketi ya ndege.

Kwa hiyo katika chumba cha upasuaji kulikuwa na chupa mbili, na ni moja tu iliyokuwa ya mgonjwa. Mzazi aliyesema "mpasueni mwanangu" alikubali ya kwanza. Ya pili ilihitaji ombi lake lenyewe. Hata kama kisu ni kimoja na maumivu ni yaleyale, kazi ni mbili.

Niongeze kwamba damu na uboho ni tofauti kidogo, kwa sababu mara nyingine hubaki hai kwenye kichupa cha kipimo na maabara ikazikuta kesho yake. Hapo hoja ya mabaki ina uzito zaidi. Kwa uvimbe mgumu uliokatwa, haina.

Kilichofuata baada ya chupa kufika hakikuwa muujiza, ingawa kilihitaji mikono yenye subira. Kipande hukatwakatwa kwa visu viwili mpaka kiwe kama nyama ya kusaga, huchujwa, seli huoshwa na kuhesabiwa. Kisha huwekwa kwenye majimaji yenye seramu ya ndama, asilimia 10 hadi 20, ndani ya kabati la nyuzijoto 37 lenye kabonidioksaidi asilimia 5. Mara mbili kwa wiki unanyonya nusu ya majimaji ya juu na kuongeza mapya. Ukibadilisha yote kwa mara moja unaziua, kwa sababu seli chache hutegemea vitu zinavyovitoa zenyewe. Wiki kadhaa unaona uchafu na seli zilizokufa. Kisha siku moja vinatokea vishada vidogo kama vya zabibu, rangi ya majimaji inageuka kutoka nyekundu kwenda njano, dalili kwamba kuna kinachokula. Hapo ukoo umezaliwa.

Seli za kawaida za damu hazifanyi hivyo, hufa baada ya muda mfupi. Za Burkitt zina nguvu mbili. Kwanza, wagonjwa wengi wa Afrika ya kitropiki huwa na virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli hizo, na virusi hivyo vina uwezo wa kuzisukuma seli B, seli za damu zinazotengeneza kingamwili, kugawanyika. Pili, kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni ya MYC hukatika na kuhamia, mara nyingi, kwenye kromosomu namba 14, karibu na jeni za kutengeneza kingamwili. Jeni hizo kwenye seli B huwa zimewashwa muda wote, na MYC naye anawashwa pamoja nazo. Ndiyo maana uvimbe huu unaweza kujizidisha maradufu kwa siku moja au mbili, taya ya mtoto ikabadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kinachomuua mtoto ndicho kinachoifurahisha maabara.

Na maabara imefurahi kweli. Daudi ana kasoro katika jeni ya protini iitwayo beta-2-maikroglobulini, kwa hiyo seli zake hazionyeshi juu ya ngozi yao vile vitambulisho vya kinga vya HLA daraja la kwanza. Kasoro hiyo ilisaidia kueleweka kwamba protini ile ndogo ni lazima ili kitambulisho kifike juu ya seli. Seli za Daudi pia hudumaa haraka zikiguswa na interferoni, protini ambayo mwili hutoa kupambana na virusi, na kwa sababu hiyo hutumika kupima nguvu ya interferoni. Katika miaka ya 1980 zilikuwa shabaha ya kawaida ya kupima seli za kinga zilizoamshwa kwa dawa. Zimetumika, pamoja na Raji, kupima uwezo wa rituximab, dawa ya kingamwili, wa kuua seli za saratani, na zilikuwamo katika majaribio ya maabara ya daratumumab kabla dawa hiyo haijawafikia wagonjwa. Namalwa naye alifikia kiwanda. Kampuni ya Wellcome ya Uingereza ilikuza seli zake katika matangi ya maelfu ya lita, ikaziambukiza virusi vya Sendai ili zitoe interferoni, ikaisafisha na kuiuza kama dawa kwa jina la Wellferon.

Rituximab inastahili kusimamisha mtu. Mwaka 2020 yalichapishwa majibu ya jaribio la kimataifa kwa watoto 328 wenye saratani kali za seli B, wengi wao Burkitt. Waliopewa kemotherapia peke yake, asilimia 82.3 walimaliza miaka mitatu bila ugonjwa kurudi wala kifo wala balaa jingine kubwa. Walioongezewa rituximab walifika asilimia 93.9. Jaribio hilo lilifanyika katika hospitali zenye uwezo wa kubeba kemotherapia nzito. Katika wodi nyingi za watoto za ukanda wetu, dawa iliyopimwa kwa seli za kijana mwenye jina la Kiswahili bado ni ya kuombwa, na familia nyingi huondoka kabla ya mzunguko wa mwisho wa kemotherapia kwa kukosa nauli.

Wapo wanaojibu kwamba tunahukumu miaka ya 1960 kwa macho ya leo. Wana hoja, lakini nusu. Kanuni za Nuremberg, za kulinda watu wanaotafitiwa, zilikuwapo tangu 1947. Azimio la Helsinki la chama cha madaktari duniani lilipitishwa Juni 1964, miaka mitatu kabla ya seli za Daudi kuanza kukua. Ridhaa ilikuwa neno linalojulikana. Kilichokosekana ni wazo kwamba kipande kilichokwisha kutoka mwilini bado kinamhusu mtu. Helsinki yenyewe ilikuja kutaja utafiti wa sampuli na data zinazoweza kumtambulisha mtu katika marekebisho ya mwaka 2000. Kwa miaka 36 katikati, mwili ulilindwa na chupa ikaachwa wazi.

Na bado iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Nchini Marekani, sampuli ikiondolewa jina inahesabiwa kuwa haimhusu "binadamu anayetafitiwa", na ridhaa haihitajiki. Mwaka 2015 serikali ilipendekeza kubadilisha hilo ili kila sampuli iombewe ridhaa, lakini kanuni ya mwisho ya 2017 ikaliacha pendekezo hilo. Uingereza ilitunga sheria ya viungo vya binadamu mwaka 2004, baada ya kashfa ya hospitali ya Alder Hey ambako viungo vya watoto waliokufa vilihifadhiwa bila wazazi kujua, na sheria hiyo ni kali. Ila seli zilizozaliana nje ya mwili zimewekwa nje yake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 juu ya kugawana faida za rasilimali za jeni inalinda mimea, wadudu na bakteria, haimgusi binadamu. Kwa lugha nyingine, ukichukua mwarobaini Kilifi kwenda kuutafiti Ulaya kuna itifaki ya kimataifa ya kukuuliza, ukichukua seli za mtoto wa Kilifi itifaki hiyo inanyamaza.

Mahakama nazo zilishagusa suala la mali. John Moore alitolewa bandama mwaka 1976 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akitibiwa saratani ya damu. Kwa miaka kadhaa daktari wake alimrudisha mara kwa mara kuchukua damu na sampuli nyingine, huku akitengeneza ukoo wa seli uliopewa hataza mwaka 1984. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1990 kwamba Moore hamiliki seli zilizotolewa, lakini daktari alikuwa na wajibu wa kumwambia maslahi yake ya utafiti na ya fedha kabla ya kumpasua. Wanaharakati wengi walilia juu ya nusu ya kwanza. Nadhani nusu ya pili ndiyo yenye manufaa kwetu. Kudai umiliki kunampeleka mtoto wa Lira au Bungoma kwenye vita vya mawakili ambavyo hatashinda. Kudai kuambiwa ni jambo ambalo kamati ya maadili ya hospitali inaweza kulilazimisha kesho asubuhi.

Kuna upande mwingine unaozungumzwa kidogo mno. Ili maabara zisichanganye seli (na zimechanganya mno, HeLa peke yake ilikwisha kugunduliwa mwaka 1966 ikiwa imevamia chupa nyingi zenye majina mengine), kila ukoo hupimwa alama za DNA zinazojirudia, alama za aina ileile zinazotumiwa na polisi na kwenye vipimo vya baba wa mtoto. Alama za Daudi, Raji na Namalwa zimewekwa hadharani kwenye intaneti, pamoja na data nyingi za jeni zao. Jeni si za mtu mmoja. Nusu ni za mama, nusu za baba, na ndugu wanagawana. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walipochapisha jenomu ya HeLa, wajukuu wa Lacks walilalamika, data ikaondolewa, na Agosti mwaka huohuo taasisi za afya za Marekani zikafikia makubaliano nao: data kamili inaombwa, na wanafamilia wamo kwenye kamati inayopitia maombi. Mlango wa Baltimore una bawabu. Wa Nairobi na Ibadan hauna hata komeo, na tofauti hiyo haielezwi na sayansi yoyote.

Hapa ndipo mtu hukumbuka mumiani. Kuanzia Mombasa hadi bara, wazee walihadithia watu wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa. Watafiti wa afya wanaokutana na uvumi wa namna hiyo vijijini huuweka kwenye kapu la ujinga, wakaandaa mkutano wa kuelimisha jamii. Mwenye uvumi amekosea kila kitu kuhusu njia. Hakuna gari jekundu, hakuna shimo. Lakini kiini cha madai yake, kwamba kitu kinatoka mwilini mwa maskini kikawa dawa inayouzwa mbali bila yeye kujua, kina namba ya katalogi. Anayekwenda kuelimisha jamii aende akilijua hilo.

Sasa kazi ya leo. Fomu nyingi za ridhaa zinazotumika ukanda huu zina aya moja ya kuhifadhi sampuli "kwa matumizi ya utafiti wa baadaye", na sahihi moja chini. Aya hiyo inabeba mambo matano yasiyofanana: kuhifadhi, kusoma jeni, kukuza seli zisizokoma, kupeleka nje ya nchi, na kuuza. Mtu anaweza kukubali mawili na kukataa matatu. Kila moja lipewe kisanduku chake cha ndiyo na hapana.

Lugha nayo inaharibu. "Seli" kwa mzazi wa Kenya aliyeishia darasa la nne ni chumba cha jela. "Chembe hai" inafahamika kwa waliosoma baiolojia. "Sampuli" inaeleweka kama ya kupimia ugonjwa, kwa hiyo ukimwambia utachukua sampuli ya utafiti anasikia kipimo cha ziada cha kumsaidia mwanawe. Maneno yanayofanya kazi ni ya mkono na jicho. Kwa mfano: "Tunaomba kukata kipande cha pili, kama punje ya mahindi. Hicho hakitatumika kumtibu mtoto wako. Tutajaribu kukifanya kiendelee kukua ndani ya chupa. Kikikubali, kinaweza kukua miaka mingi, hata mtoto akishapona, na hata akifariki. Kinaweza kupelekwa nchi nyingine. Kinaweza kuuzwa. Ukikataa, mtoto atatibiwa vilevile." Ni sentensi saba, zinasomwa kwa dakika moja. Anayedhani zinatisha mno ajiulize kinachotisha ni maneno au ni jambo lenyewe.

Kisha muulize mzazi akueleze wewe. Akisema "mnachukua kupima ugonjwa", hakuna ridhaa, anza upya. Usiulize asubuhi ya upasuaji wakati mtoto amelazwa njaa na mama hajalala. Na asiulize daktari atakayeshika kisu, kwa sababu hakuna mzazi anayemkatalia mtu huyo. Muuguzi asiyehusika na utafiti anafaa zaidi. Burkitt ni ugonjwa wa watoto, wengi wa umri wa shule ya msingi, kwa hiyo fomu iseme pia kwamba mtoto akifika miaka 18 ataulizwa mwenyewe, na iandike nani atamtafuta na kwa namba ipi ya simu. Bila jina la mwenye jukumu, ahadi hiyo hufa mradi unapofungwa.

Kuhusu kujitoa, fomu nyingi zinadanganya kwa adabu. Zinasema unaweza kujitoa wakati wowote. Kwa damu iliyo kwenye friji ni kweli. Kwa ukoo wa seli uliokwisha kugawiwa maabara kumi si kweli, hakuna anayeweza kuzirudisha. Mzazi aambiwe wazi: mpaka tarehe fulani tunaweza kuzitupa, baada ya hapo hatuwezi.

Lakini fomu bora kabisa inaweza kubatilishwa na karatasi nyingine ambayo mzazi haioni, mkataba wa kuhamisha sampuli. Tanzania mkataba huo hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Uganda hupitia UNCST, baraza la taifa la sayansi, Kenya suala huanzia kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wakaguzi huangalia idadi: sampuli 40, mililita 5 kila moja, zirudi au ziharibiwe mwisho wa mradi. Hesabu hiyo inafaa kwa damu, haifai kwa seli zinazokua. Seli moja ikigawanyika mara 20 ni zaidi ya milioni moja. Utarudishiwa mililita zako tano na mpokeaji abaki na ukoo mzima, bila kuvunja mkataba hata nukta.

Kifungu cha kusomwa mara mbili ni cha tafsiri ya maneno. Mkataba wa mfano wa Marekani wa mwaka 1995, unaonakiliwa sana duniani, unatenganisha sampuli ya awali, kizazi chake, vitu vinavyotokana nayo bila kubadilishwa, na marekebisho. Vitatu vya kwanza vinabaki kwa mtoaji. Marekebisho ni ya mpokeaji, isipokuwa sehemu ya sampuli iliyomo ndani yake. Seli iliyopachikwa jeni ya kung'aa ili ipimike kwa taa inaweza kuitwa marekebisho, na hapo mvutano unaanza. Kwa hiyo mkataba unaotoka kwetu uandike kwa maneno yake: ukoo wowote wa seli, uliobadilishwa au la, unafuata masharti ya ridhaa ya mwenye kipande. Hauendi kwa mtu wa tatu bila kibali kipya cha kamati iliyoutoa. Hauingii kwenye benki ya kuuza bila makubaliano ya maandishi juu ya mapato. Na nakala yake iliyogandishwa, vichupa visivyopungua kumi, irudi nchini. Sharti hili la mwisho lina gharama: naitrojeni ya majimaji ya nyuzi 196 chini ya sifuri inahitaji kujazwa kila wiki, na tangi likikauka wikendi moja kila kitu kimekwisha. Bajeti ya mradi iibebe, tena iibebe kwa miaka kadhaa baada ya mradi.

Koo za zamani ni jambo jingine. Wapo wanaotaka familia ya Daudi itafutwe. Sidhani ni busara. Kumtafuta kunamaanisha kulinganisha DNA ya watu walio hai na data iliyo wazi, na kuwaambia majirani kwamba nyumba fulani ina historia fulani ya ugonjwa. Tutakuwa tumefanya kosa lilelile kwa nia njema. Linalowezekana ni dogo na la haraka. Benki za seli ziongeze kwenye ukurasa wa kila ukoo mstari mmoja unaosema seli zilitoka nchi gani, hospitali gani, na kwamba hakuna ridhaa iliyoandikwa. Data kamili za jeni ziwekwe nyuma ya maombi kama za HeLa, na wataalamu wa Kenya, Uganda na Nigeria wakae kwenye kamati. Mauzo ya kila kichupa yatengewe sehemu ya kulipia dawa na nauli za watoto wa Burkitt. Hilo la mwisho lina mfano: mwaka 2020 taasisi ya Howard Hughes, inayofadhili maabara zinazotumia HeLa, ilitoa mchango kwa mfuko wenye jina la Henrietta Lacks bila kuamriwa na mahakama.

Hospitali zetu nazo zisisubiri Stockholm wala Marekani. Zianze na friji zao za nyuzi 80 chini ya sifuri, ambamo mara nyingi kuna masanduku ya mradi uliokwisha, mkuu wa mradi alishahama, na funguo anazo mtu wa usafi. Kila sanduku lifunguliwe na kuorodheshwa kwa safu tatu: sampuli ya nani kwa namba ya siri, aliridhia nini hasa, na nani anawajibika sasa. Zisizo na karatasi zisikuzwe wala zisisafirishwe mpaka kamati ikae na kuamua, na uamuzi uandikwe kwenye kichupa chenyewe, kwa wino usiofutwa na alkoholi.